Dawa ya prostati kwa mama mwenye jiwe la figo

Hapa Lubumbashi, mama mwenye jiwe la figo akipeleka karatasi ya daktari farmasi, anaweza kurudi nyumbani amekasirika. Ameandikiwa tamsulosini, na muuzaji amemwambia waziwazi: "Mama, hii ni ya wazee wanaume, ya prostati." Muuzaji hakusema uongo, maana ndiyo kazi iliyotengenezewa. Lakini inalegeza misuli ambayo imo pia sehemu ya chini ya ureta, mrija unaoshusha mkojo kutoka figo, na hapo karibu na kibofu ndipo mawe mengi hukwama.

Wanaoipinga si watu wa farmasi tu. Mwaka 2015 utafiti wa Uingereza uitwao SUSPEND, wenye wagonjwa zaidi ya 1,100, ulionyesha kwamba baada ya wiki 4, asilimia 81 ya waliopewa tamsulosini hawakuhitaji matibabu zaidi. Waliopewa vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani? Asilimia 80. Mwaka 2018 Wamarekani wakaja na wagonjwa 512: mawe yalitoka kwa asilimia 50 upande wa dawa, 47 upande wa vidonge vitupu. Madaktari wengi wakasema basi, tuiache.

Hiyo asilimia 80 inanikera tangu siku niliyoisoma. Ni mawe ya akina nani? Karibu robo tatu ya wagonjwa wa SUSPEND walikuwa na jiwe lisilozidi milimita 5. Kwa Wamarekani wastani ulikuwa milimita 3.8. Jiwe kama hilo mara nyingi hutoka lenyewe, umeze dawa au usimeze. Ni kupima nguvu za lori kwa kulipakia mfuko mmoja wa bunga. Hata baiskeli ingeufikisha. Tena SUSPEND walihesabu wasiohitaji matibabu zaidi. Hawakuhesabu mawe yaliyoonekana yametoka.

Australia mwaka 2016 walitazama kando mawe ya milimita 5 hadi 10 yaliyokuwa chini ya ureta: yalitoka kwa asilimia 83 wakiwa na dawa, 61 bila dawa. Yaani katika kila watu watano, mmoja hivi jiwe linamtoka kwa sababu ya kidonge. Nakiri kwamba ni kundi dogo ndani ya utafiti ambao kwa ujumla haukuonyesha tofauti ya kutegemewa. Mtu akinikatalia kwa hilo, sina ugomvi naye. Lakini China walipochukua wagonjwa 3,296 wenye mawe ya milimita 4 hadi 7 yaliyokuwa sehemu ya chini ya ureta, mawe yalitoka kwa asilimia 86 wakiwa na dawa, 79 bila dawa, na faida ilikuwa kwa yaliyozidi 5.

Na huyo mmoja kati ya watano, kwetu ana uzito wake. Mashine ya kuingia hadi ndani ya ureta na kuvunja jiwe haipo kila hospitali, na bili inalipwa na familia. Madhara ya dawa ni kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla, na kwa wanaume shahawa kutotoka, jambo linaloisha dawa ikiachwa. Baba aambiwe mapema, la sivyo ataitupa siku ya tatu bila kumweleza mtu.

Wapinzani wana haki pale dawa inapoandikwa kwa kubahatisha: mtu ameshika kiuno, hajapimwa, anapewa tamsulosini kama vile inatuliza maumivu. Haitulizi; hiyo ni kazi ya diklofenaki na wenzake. Wala kujilazimisha maji ndoo nzima, hata katika joto la Oktoba, hakusukumi jiwe lililokwisha kukwama.

Kwa hiyo yule mama akiniuliza, ningeomba kwanza karatasi ya ekografi, ile picha ya figo na kibofu. Jiwe liko wapi, na wameandika milimita ngapi? Kama ni 3, pesa ibaki kwenye kitambaa chake, apate dawa ya maumivu, angoje. Kama ni 7 na liko chini, ameze kama daktari alivyoandika, moja kwa siku, na wiki 4 zikiisha arudi kupimwa tena. Homa ikimpata usiku, au kama ana figo moja tu, aende hospitali, asingoje hata asubuhi.