Kesi ya skuna Exchange: Marshall alipatia, ila si kila mahali

Skuna (meli ya matanga) Exchange, mali ya John McFaddon na William Greetham wa Maryland, Marekani, iliondoka Baltimore Oktoba 1809 kwenda San Sebastián, Hispania. Desemba 1810 ikatekwa kwa amri ya Napoleon. Mwaka 1811 dhoruba ikaileta Philadelphia, sasa ikiwa meli ya kivita ya Ufaransa yenye jina jipya, Balaou. Wenyewe wakaidai mahakamani.

Hoja yao ilikuwa nzito. Chombo kilichotekwa hubadili mmiliki mahakama ya ngawira, inayoamua uhalali wa meli zilizotekwa, inapotoa hukumu, na wao walidai hakuna hukumu iliyotolewa. Tena kesi ya bahari hufunguliwa dhidi ya chombo chenyewe. Hakukuwa na haja ya kumburuta Napoleon kizimbani. Mwanasheria wa serikali ya Marekani, Alexander Dallas, akapinga. Mahakama ya wilaya ikaifuta kesi, ya juu yake ikaifufua, na Machi 1812 Jaji Mkuu wa Marekani, John Marshall, akaizika.

Cha ajabu, Marshall alianza upande wa wenye mali: mamlaka ya nchi ndani ya mipaka yake ni kamili, wala hayapunguzwi ila kwa ridhaa yake. Lakini ridhaa yaweza kuwa ya kimya. Mfalme mgeni, balozi, jeshi lililoruhusiwa kupita: wote hawashtakiwi. Kadhalika meli ya kivita ya dola rafiki inayoingia bandari iliyo wazi. Kuishika ni kushika silaha za dola nyingine, na uamuzi wa kuchokoza vita si wa hakimu. Hapo alipatia.

Udhaifu uko kwenye ushahidi. Aliyepora ndiye anayetoa hati ya kuonyesha meli ni yake, na mahakama haichungulii nyuma ya hati hiyo. Dawa ikabaki kwa wanadiplomasia, na ilikawia: mkataba wa Ufaransa kulipa faranga milioni 25 kwa madai ya Wamarekani ya enzi hizo ulitiwa saini 1831.

Marshall mwenyewe aligusia kwamba mali binafsi ya mfalme huenda isipate kinga hiyo ya kutoshtakiwa. Waliomfuata wakalisahau hilo: 1926 meli Pesaro ya serikali ya Italia, iliyobeba shehena ya biashara tu, ikakingwa vilevile. Ilisubiriwa hadi sera ya Marekani ya 1952 na sheria yake ya 1976 kutenga biashara na shughuli za dola.

Kinga ya meli za kivita haikuguswa. Mwaka 2012 Ghana iliizuia ARA Libertad, meli ya kivita ya Argentina, bandarini Tema kwa sababu ya deni, ikitegemea hati za mkopo ambamo Argentina iliacha kinga yake. Desemba hiyo, Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari iliamuru iachiwe.