Aliyefukiwa Yuko Nyuma Yangu

Begi tulilifukia wenyewe, kina cha mita 1 hivi, na ndani yake bikoni ya tatu ikituma mawimbi; bikoni ni kifaa cha redio unachovaa mwilini ili upatikane ukifukiwa na maporomoko ya theluji, na sisi kila mmoja alikuwa na yake. Yalikuwa mazoezi tu, kwenye kimteremko kisicho na genge la theluji juu yake, kabla ya kwenda na skii zetu kule milimani kusiko na njia wala waokoaji wa zamu. Mimi mtafutaji, mwenzangu mpiga video.

Nikabadili bikoni yangu kutoka kutuma kwenda kutafuta. Mwenzangu yake akaiacha inatuma. Na bikoni zote hutumia masafa yaleyale, kilohezi 457. Inayotafuta haijui begi ni lipi na rafiki ni yupi. Kioo kikaonyesha watu wawili. Begi moja, watu wawili! Nikailaumu simu iliyokuwa kifuani, maana inatakiwa ikae angalau sentimita 50 kutoka bikoni inayotafuta. Nikaizima, nikajiona fundi.

Mshale ukanivuta kushoto. Nikageuka, mwenzangu, mtu wa adabu zake, akanipisha, mshale nao ukamfuata. Nilizunguka kama pia.

Kwenye mita 3 nikapiga magoti, bikoni ikagusa theluji, nikaisogeza kwa kuchora msalaba polepole bila kuizungusha. Mita 1.4, haishuki. Haya, tuchome. Nikaurusha ufito, ile fimbo ndefu ya vipande ya kuchomea theluji, nikasahau kuvuta kamba yake mpaka ikaze. Vipande vikaning'inia mkononi kama shanga. Mara ya pili ukasimama. Nikachoma, ufito ukiwa pembe mraba na uso wa mteremko, nikizunguka kwenda nje, sentimita 25 kati ya tundu na tundu. Tundu la tisa: ko!

Hapo akili ikaniruka. Unatakiwa uanze kuchimba upande wa bondeni wa ufito, umbali wa kama mara 1.5 ya kina, uingie kwa ubavu huku theluji ikiteremkia nyuma yako. Mimi nilichimba palepale, kisima. Kingo ikakatika, nikatumbukia kichwa mbele, nikakumbatia jiwe.

Dakika 14. Nafasi ya kumkuta mtu hai huanza kuporomoka baada ya 10 hivi. Begi lilikuwa mita 20 chini yetu kwenye mteremko, limetulia.

Video ninayo. Kila mwenzangu akinisogelea anipate vizuri, bikoni inazidi kupiga kelele, nami nasikika nikihema: "Tulia ndugu yangu, nakuja, uko karibu kabisa!"