Hukumu imetoka Banjul, makala (makaa ya kupikia) bado yanashuka Bukavu

Julai 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, ilitangaza uamuzi wa kesi iliyofunguliwa 2015: serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilivunja haki za Batwa, wenyeji wa asili wa msitu wa Kahuzi-Biega karibu na Bukavu, ilipowatoa humo bila ridhaa yao na bila fidia. Iliagiza warudishiwe ardhi, walipwe na waombwe radhi hadharani.

Dai lao ni zito. Hifadhi iliundwa 1970 ikiwa na hekta 60,000 hivi za milimani, kisha 1975 ikapanuliwa hadi takriban 600,000. Watu walioishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchuma dawa porini wakageuka vibarua katika mashamba ya wengine huko Kabare na Kalehe. Hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Waliondolewa tu, na watoto wao wamekua pembeni ya msitu wakiitwa majangili wanapookota kuni.

Upande wa pili, wa wanaoilinda hifadhi, nao una hoja. Gorila wa Grauer, wanaoishi humo, hupatikana mashariki mwa Kongo peke yake. UNESCO iliitambua Kahuzi-Biega kama Urithi wa Dunia 1980, na tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Walinzi wa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za taifa, wamekufa wakiilinda. Baadhi ya Batwa waliporudi msituni Oktoba 2018, miti ya milimani ilikatwa kwa kasi na tanuri za makala zikaongezeka. Yaliyofuata ni aibu kwa pande zote: walinzi waliuawa, Batwa waliuawa, vijiji vikachomwa moto. Kumtetea Mutwa hakunilazimishi kuyafumbia macho hayo.

Lakini faida ya makala hayo ilimfikia nani? Si mchomaji. Waliovuna zaidi ni wafanyabiashara wenye mitaji na wenye bunduki wanaotoza njiani, na mnunuzi ni sisi wa Bukavu. Umeme wa mitambo ya mto Ruzizi hukatika mara kwa mara, na hata ukiwapo, nyumba nyingi hupika kwa makala. Mama wa Kadutu, hapa Bukavu, hawezi kuivisha maharage kwa ahadi. Kumkamata kijana mwenye gunia mgongoni hakupunguzi hata jiko moja mjini, ila huongeza bei na chuki. Hapa ndipo naona mamlaka zimekosea zaidi: zimepambana na mkono uliobeba gunia, zikauacha mji unaolihitaji.

Wapo wanaopendekeza misitu ya jamii. Agizo la serikali la 2014 linaruhusu jamii kupewa na kusimamia msitu wa hadi hekta 50,000, lakini haligusi ardhi iliyo ndani ya hifadhi ya taifa. Basi ama mipaka ibadilishwe, ama Batwa wapewe hati na nafasi halisi katika uongozi wa hifadhi, pamoja na masharti ya ukataji watakayoyaweka wenyewe na kuyasimamia. Mimi nachagua njia ya pili.

Bado kuna Warega na Watembo, makabila ya nyanda za chini, ambao upanuzi wa 1975 uliwakuta na vijiji vyao. Kesi ya Banjul haikuwahusu. Na serikali iliyoagizwa kutekeleza iko Kinshasa, wakati Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025.