Chumba kimoja Hawaii, ritani tatu

Tangu Januari 1, 2026, kodi ya malazi ya jimbo la Hawaii imepanda kutoka asilimia 10.25 hadi 11. Kelele zote ni za hiyo 11. Kinachonikera mimi ni kingine: Bunge la jimbo liliifungua sheria ya kodi hii mwaka 2025, likaongeza chake, likaifunga tena bila kugusa kasoro ambayo lenyewe liliitia mwaka 2021.

Kabla ya hapo jimbo lilikusanya kodi yote, kisha likazigawia kaunti dola milioni 103 kwa mwaka: Honolulu asilimia 44.1, Maui 22.8, Kaunti ya Hawaii 18.6, Kauai 14.5. Ukaja mswada HB 862. Mgao ukafutwa wote, na kaunti zikapewa ruhusa ya kutoza hadi asilimia 3 zenyewe, juu ya ile ya jimbo. Gavana David Ige aliupigia kura ya turufu. Julai 6, 2021 wabunge wakaupitisha hivyohivyo. Kaunti zote nne zikatoza asilimia 3 kamili. Zingefanyaje? Shule Hawaii ni za jimbo, lakini polisi, zimamoto, majitaka na waokoaji wa ufukweni ni mzigo wa kaunti, na chanzo chao kikubwa cha fedha ni kodi ya ardhi na majengo. Mgeni akizidiwa na mawimbi, anayeingia majini kumtoa ni mwajiriwa wa kaunti.

Sasa tazama anachopitia mwenye vyumba viwili vya kupangisha wageni. Ana leseni ya GET, kodi ya jumla ya jimbo juu ya mapato ya biashara, ya dola 20, na usajili wa TAT, yaani kodi ya malazi yenyewe, wa dola 5. Anajaza fomu G-45 kwa ajili ya GET. Anajaza TA-1 kwa ajili ya kodi ya malazi ya jimbo. Halafu anaingia mfumo mwingine kabisa, wa kaunti, anaandika mapato yaleyale ya vyumba vilevile kwa mara ya tatu, na kulipa kwa malipo ya peke yake. Ritani za jimbo zinatakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata kipindi husika. Akichelewa kuwasilisha, adhabu ni asilimia 5 ya kodi kwa kila mwezi hadi kufikia asilimia 25, na riba ya theluthi mbili ya asilimia moja kila mwezi inaendelea kuhesabiwa. Hoteli kubwa za Waikiki zina wahasibu. Mama mwenye vyumba viwili katika mji wa Hilo hana.

Na haya yote hayakuwa na ulazima. TA-1 yenyewe tayari inamtaka mlipakodi ayagawe mapato kwa kisiwa: Oahu (ndiko Honolulu), Maui, Hawaii, Kauai. Jimbo linajua kila dola ya chumba imetoka wapi. Zaidi ya hayo, jimbo tayari linafanya kazi hii kwa kodi nyingine! Ile nyongeza ya kaunti ya asilimia 0.5 kwenye GET hukusanywa na jimbo kupitia G-45, linakata asilimia 1 ya makusanyo kwa gharama zake, kisha linazipelekea kaunti fedha zinazobaki. Utaratibu upo, fomu ipo, watumishi wapo. Kwa kodi ya malazi, kaunti nne ziliachwa kila moja iunde fomu zake, mfumo wake na wakaguzi wake, kuwafuatilia walipakodi ambao jimbo limeshawasajili.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba asilimia 3 ina jambo moja zuri: inakua na utalii, wakati ile milioni 103 ilikuwa na dari. Na nyongeza ya 0.75 iliyosainiwa na Gavana Josh Green imekusudiwa hifadhi ya mazingira na kinga dhidi ya majanga. Baada ya moto wa mji wa Lahaina, Maui, wa Agosti 2023, sina la kupinga hapo.

Lakini mgeni naye ana haki ya kuelewa bili. Chumba cha dola 300: jimbo 33, kaunti 9, GET 14.14. Jumla 56.14, yaani asilimia 18.7. Hiyo GET ni asilimia 4.5, ila sheria inaruhusu kumtoza mteja hadi 4.712, kwa sababu kodi unayomtoza mteja nayo huhesabiwa kuwa mapato na kutozwa kodi.

Wengi huumia hapa: ukiandika bei moja tu, "kodi zote ndani", bila kutenganisha mistari, kodi inahesabiwa juu ya fedha yote uliyopokea, hata sehemu ambayo ni kodi. Ada ya lazima ya hoteli nayo inaingia kwenye hesabu ya TAT tangu Julai 2019. Kuiita jina jingine hakuiondoi.

Ninachotaka Bunge lifanye ni kidogo: liongeze mstari wa asilimia 3 kwenye TA-1, mbele ya jina la kila kisiwa, na fedha ziende kaunti kwa masharti yaleyale ya GET. Mpaka hapo, mwenye chumba: mistari mitatu kwenye kila bili, ritani tatu kwa kila kipindi, kisha TA-2, ritani ya mwaka ya kodi ya malazi ya jimbo, ifikapo Aprili 20 kama hesabu zako zinafungwa Desemba.