Barua ya maombi ya kazi ukishapita miaka arobaini: inasaidia au tunajichosha?

Wenye stesheneri wengi wa Kabwe na Mwanjelwa, Mbeya, wana barua ya maombi ya kazi tayari kwenye kompyuta. Unamtajia jina, sanduku la posta, namba ya simu na kazi unayoomba, naye anajaza. "Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka…" Unalipa, unasaini, unaondoka. Ya dereva na ya mhasibu zinatofautiana kwenye mstari wa YAH tu. Ndiyo maana wengi wanasema barua haina maana, na kwa barua ya namna hiyo wako sahihi.

Mimi nawafikiria watu wa kundi moja: waliovuka arobaini wakajikuta wanatafuta kazi upya. Huyu kapunguzwa, yule mkataba wa mradi umekwisha, mwingine alikaa nyumbani kulea na sasa ada za watoto zinamrudisha sokoni. Je, hao wakeshe wakiandika barua yao wenyewe, au nao wapite tu stesheneri?

Tuanze na serikalini, maana ndiko macho ya wengi yaliko. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanamtaka kila mwombaji apandishe kwenye Ajira Portal, mfumo wake wa maombi mtandaoni, barua iliyosainiwa, iliyoelekezwa kwa Katibu, Dodoma. Usipoiweka, umeanguka. Ukishaiweka, imemaliza kazi yake. Kinachofuata ni usaili wa mchujo, na hapo yanasahihishwa majibu yako, si ulichomwandikia Katibu. Kwa umri tunaouzungumzia kuna ukuta wa mapema zaidi: matangazo hayo kwa kawaida yanasema mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliyeko kazini serikalini. Kama una 47 na unatokea sekta binafsi, hakuna barua ya kukuvusha hapo. Na aliye mtumishi wa umma tayari, akajiendeleza na kutaka kada nyingine, anatakiwa apitishe barua kwa mwajiri wake. Hapo inayotafutwa ni saini ya mkuu wake, ufasaha hauna nafasi.

Kwa kazi binafsi za huku kwetu, hoja ya wanaoidharau barua ina nguvu zaidi. Anayesimamia ukusanyaji wa parachichi Njombe, mwenye kiwanda cha mbao Mafinga, tajiri wa malori ya Tunduma, hao hawakai wakisoma bahasha. Wanauliza, "Kuna mtu anamjua huyo?" Simu inapigwa kwa bosi wa zamani, na jibu la dakika mbili linaamua. Tusijifanye kwamba huo wote ni upendeleo. Kumkabidhi mtu lori lenye mzigo wa wateja ni jambo la kuaminiana, na mtu mzima ana faida hapo ambayo kijana hana: kafanya kazi na watu wengi, na wengine kati yao sasa ndio mabosi. Fundi wa miaka hamsini aliyejulikana Uyole nzima kwa kazi safi haandiki barua. Anapigiwa.

Kama ajira zote zingekuwa hizo, ningeishia hapa na kuwashauri watu walale mapema. Lakini katikati kuna waajiri wengine: shule binafsi, hospitali za makanisa, mashirika yasiyo ya kiserikali, vyuo, kampuni za chai na misitu. Hao wanatangaza, wanapokea bahasha na barua pepe, na wana jopo.

Nimewahi kukaa kwenye jopo la namna hiyo, la shule moja hapa Iringa iliyokuwa ikitafuta mtunza stoo. Bahasha za kaki zilijaa meza. Mwenyekiti alikuwa na mtindo wake: anafungua, barua anaigeuza kifudifudi bila kuisoma, anakwenda kwenye vyeti, halafu mwaka wa kuzaliwa. Za vijana zilipita haraka, huku au kule. Ilipofika ya mtu aliyezaliwa miaka ya sabini, mkono ukasita. "Huyu alikuwa meneja wa ghala. Mshahara wetu huu atauweza?" Mwingine akadakia, "Na mhasibu wetu ni binti mdogo, atakubali kutumwa naye?" Wa tatu akauliza kwa nini aliacha kule alikokuwa. Hapo ndipo mwenyekiti alipoirudia ile barua aliyoigeuza, akaisoma mstari kwa mstari akitafuta majibu. Hayakuwemo. Kilichokuwemo ni "nina uwezo wa kufanya kazi kwa bidii bila kusimamiwa". Bahasha ikaenda upande wa wasioitwa.

Wanaosema barua haisomwi wamekosea pointi hiyo moja tu. Ya kijana haisomwi kwa sababu hakuna anachojiuliza mtu juu yake: kamaliza chuo, anatafuta kazi, basi. Ya mtu mzima inasomwa pale jopo linapokwama. Na majopo hukwama kwenye mambo yale yale: fedha, heshima, na sababu ya kuondoka. CV haiwezi kuyajibu, kwa kuwa CV inasema ulikuwa nani, nao wanauliza utakuwa nani utakapokuwa chini yao.

Tuseme yule meneja wa ghala angeandika hivi: "Kwa miaka kumi na minne nilisimamia ghala la chai Mufindi. Niliondoka kampuni ilipopunguza wafanyakazi, na hati yangu ya utumishi nimeiambatisha. Nimeona kwamba mtunza stoo anawajibika kwa mhasibu, na mshahara mmeutaja. Vyote viwili nimevipima na nimeviridhia, kwa kuwa familia yangu sasa iko Iringa na sitafuti tena kazi ya kuhamahama. Leja nimezitunza kwa daftari na kwa kompyuta, na kila mwisho wa mwezi nilihesabu mali mwenyewe." Ni sentensi tano. Hajajisifu, hajaomba huruma, na wale watatu mezani wamepata majibu yao kabla ya kuulizana. Sisemi angepata kazi. Nasema angeitwa, na kwa umri ule kuitwa ndiyo shughuli.

Tatizo ni kwamba barua za watu wazima, zisipokuwa za stesheneri, mara nyingi zinaharibu zaidi ya kukaa kimya. Zinakuwa ndefu, kurasa mbili, kila kazi tangu jeshini imetajwa. Nyingine zina kinyongo na mwajiri wa zamani, na anayesoma anajiona yeye ndiye atakayesemwa kesho. Mbaya kuliko zote ni ile inayoandikwa kwa sauti ya mzee anayemwonya mtoto: "Kwa uzoefu wangu wa miaka 25 nitawasaidia kurekebisha mambo mengi." Mkuu wa shule mwenye miaka 38 akisoma hivyo, kesi imekwisha. Kama huwezi kujizuia na haya, afadhali ya stesheneri.

Umri wenyewe utajwe? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, umri ukiwemo, na kinga hiyo inamfikia hata anayeomba kazi. (Ukomo wa miaka 45 wa serikalini unakaaje na kifungu hicho, ni mjadala wa siku nyingine.) Lakini hakuna jopo litakaloandika "amezeeka". Litaandika "hakukidhi vigezo", nawe huna pa kushika. Maoni yangu ni kwamba usiutaje na usiufiche. Cheti cha kuzaliwa kimo ndani ya bahasha. Anayetaka kujua atajua, na mstari wa "ingawa umri wangu umesogea" unawakumbusha hata ambao hawakuwa na habari.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri akupe hati ya utumishi ajira inapokoma. Wengi huku hawaidai, wanaondoka na mafao na hasira. Baadaye wanapoandika "nilifanya kazi kwa uaminifu" hawana karatasi ya kuonyesha hata kwamba walikuwepo. Kwa mtu wa miaka arobaini na zaidi, karatasi hiyo ina uzito kuliko aya nzima ya barua.

Kwa hiyo mizani yangu haikai katikati. Anayeendelea na fani ile ile, mahali anapojulikana, asihangaike: apige simu kwanza, barua iwe ya kukamilisha faili. Anayeomba serikalini afuate maelekezo ya tangazo neno kwa neno, nguvu aziweke kwenye kujiandaa na mchujo. Lakini anayebadili fani, anayeshuka cheo, anayerudi baada ya miaka ya kulea au aliyehamia mji asikojulikana, aandike mwenyewe, ukurasa mmoja, na ampe mtu mdogo kwake kiumri ausome kabla ya kuutuma. Kijana atashtuka pale utakapoanza kuhutubia.

Kisha ahakikishe wadhamini wake watatu wanapatikana. Kwa umri huu wadhamini nao wamezeeka: meneja wako alishastaafu, karudi Kyela kwenye kakao yake, na namba uliyoiandika kwenye CV aliiacha zamani. Jopo likipiga mara mbili bila kupokelewa, halina sababu ya kupiga mara ya tatu wakati meza bado ina bahasha.