Filamu Bora ya Oscar hushinda kwa nafasi ya pili na ya tatu

Mwaka 2022 The Power of the Dog iliingia kwenye Oscar na uteuzi 12, ikatoka na sanamu moja tu, ya mwongozaji Jane Campion. CODA iliteuliwa katika vipengele 3 na ikavibeba vyote, Filamu Bora ikiwamo. Matokeo ya namna hii huwaudhi watu, na lawama huwa zilezile: wapiga kura hawajui filamu. Naona lawama hizo zinakosea mlango. Ukishajua kura za Filamu Bora zinavyohesabiwa, mengi yanayoitwa maajabu yanaeleweka.

Katika vipengele vingine, duru ya mwisho ni rahisi: kila mwanachama wa Akademi, chama cha watu wa filamu kinachotoa Oscar, anachagua mmoja, na mwenye kura nyingi anashinda, hata kama walio wengi hawakumtaka. Filamu Bora ina utaratibu wake. Tangu sherehe ya 2010, orodha ilipopanuliwa kutoka filamu 5 hadi 10, mpiga kura hupanga filamu kwa mfuatano wa mapenzi yake, na mshindi lazima avuke nusu ya kura. Asipopatikana, filamu yenye kura chache zaidi za nafasi ya kwanza inaondolewa, na kila karatasi yake inahamia kwa filamu inayofuata kwenye karatasi hiyohiyo. Hesabu inarudiwa hivyo mpaka moja ivuke nusu.

Chukua kura 100 na filamu 4 za mfano. Ya vita ina kura 38 za nafasi ya kwanza, ya familia 27, ya muziki 20, ya vichekesho 15. Ya vichekesho inatoka. Katika karatasi zake 15, 10 zimeweka ya familia nafasi ya pili, 3 ya muziki, 2 ya vita. Sasa ya vita ina 40, ya familia 37, ya muziki 23. Ya muziki nayo inatoka: 17 zinakwenda kwa ya familia, 6 kwa ya vita. Mwisho: familia 54, vita 46. Filamu ya vita ilianza ikiongoza kwa kura 11 na imeanguka, kwa sababu wengi wa ambao hawakuiweka ya kwanza waliiweka chini ya ile ya familia.

Ndiyo maana Filamu Bora na Mwongozaji Bora huweza kwenda njia mbili. Mwaka 2016 Alejandro G. Iñárritu alishinda kwa The Revenant, Filamu Bora ikaenda kwa Spotlight. Mwaka 2017 Damien Chazelle alishinda kwa La La Land, Moonlight ikabeba ile kubwa. Hesabu kamili hazitangazwi, kwa hiyo anayekwambia fulani alishindwa kwa kura kadhaa anabuni.

Mimi nauunga mkono utaratibu huu. Tuzo inayotolewa kwa jina la chama kizima iende kwa filamu ambayo chama kizima kinaweza kusimama nayo. Wapo wanaosema unazaa washindi wapole wasioudhi mtu. Parasite ilishinda mwaka 2020 kwa hesabu hiihii, na ndiyo filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kubeba Filamu Bora. Huwezi kuiita filamu pole.

Kinachoharibu kura ni karatasi yenye jina moja. Mtu anaiandika filamu anayoipenda, anaacha nafasi nyingine wazi akidhani anaipa nguvu. Haipati chochote cha ziada, na ikiondolewa, karatasi yake haina pa kwenda, na fainali inaamuliwa na wengine.

Uteuzi wenyewe una mantiki tofauti kabisa, na hapa ndipo wabashiri wengi huteleza. Waigizaji huteuliwa na waigizaji, wahariri na wahariri. Kwenye kipengele cha nafasi 5, idadi ya kura hugawanywa kwa 6 kisha huongezwa 1: zikiwa kura 600, kizingiti ni 101. Anayefikisha kura 101 za nafasi ya kwanza ameingia, hata kama waliobaki wote hawamtaki. Kwa hiyo kundi dogo lenye mapenzi makali linatosha kukuingiza, ila halitoshi kukupa Filamu Bora.

Kuanzia sherehe ya 2026, mwanachama lazima awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa katika kipengele ndipo apige kura ya mwisho. Imechelewa mno, lakini afadhali. Udhaifu wake ni kwamba aliyetazama nje ya jukwaa la mtandaoni la Akademi anajaza fomu tu na kuaminiwa.

Linaloniudhi kwelikweli ni ujanja wa vipengele vya uigizaji. Studio humpigia debe mhusika mkuu kwenye tuzo ya msaidizi kwa sababu ushindani huko ni mwepesi. Mwaka 2021 Daniel Kaluuya na LaKeith Stanfield, walioigiza wahusika wawili ambao jina la filamu Judas and the Black Messiah linawataja, waliteuliwa wote kama wasaidizi. Sasa mkuu alikuwa nani? Kanuni inawaachia wapiga kura waamue nafasi ya mtu. Kwangu, dakika za kuonekana na uzito wa mhusika kwenye hadithi vingepimwa na kamati kabla kura hazijaanza.

Ukitaka kubashiri Filamu Bora, usiegemee Golden Globes. Wapiga kura wake ni waandishi wa habari, nao hawapigi kura za Oscar. Tazama tuzo ya chama cha watayarishaji cha Marekani, PGA, kwa kuwa nacho hupanga filamu na kuhamisha kura vilevile. Usikichukulie kama hukumu, maana kilichagua The Big Short, La La Land na 1917, na zote tatu zikashindwa Oscar. Kisha jiulize swali moja kuhusu kila filamu inayoongoza: ambao hawaipendi wanaiweka nafasi ya ngapi? Ukisikia mgawanyiko wa "nzuri mno" na "siwezi kuimaliza", itafute ile ambayo kila mtu anaitaja kati ya tatu zake za juu.