Nilisema Bibo, Wakacheka

Wiki mbili zilizopita nililipa kiingilio ambacho sitakitaja hapa, kwa kuwa mume wangu husoma maandishi haya, ili nihudhurie jioni ya kuonja divai katika hoteli moja ya Dar es Salaam. Tangazo lilisema kuwa jioni hiyo ilikuwa ya wanaoanza, nami ni mwanzo wa wanaoanza: nimekunywa divai harusini na kwenye hafla za ofisini, nimeisifu kwa adabu kila ilipobidi, lakini sikuwahi kukaa na glasi moja kwa robo saa nikijiuliza kilichomo ndani yake. Tulikuwa watu ishirini hivi. Mwelekezaji, kijana mtanashati mwenye sauti ya mtangazaji wa redio, alitumiminia Cabernet Sauvignon, aina ya divai nyekundu, akatuonyesha namna ya kuizungusha glasi, kunusa, kuvuta funda dogo na kuliacha litembee kinywani, kisha akatuuliza tunasikia nini. Kikatanda kile kimya cha darasani, ambapo kila mmoja anaomba aitwe mwenzake. Mimi nikasema, "Bibo," yaani lile tunda la mkorosho linaloning'iniza korosho.

Wakacheka. Kicheko nilikizoea tangu nilipohamia mjini kutoka Newala, kwa hiyo hicho hakikuniumiza. Kilichoniudhi ni kwamba mwelekezaji mwenyewe hakucheka, bali alinitazama kwa huruma, kama daktari anayempa mgonjwa habari mbaya, akasema, "Hapana, dada yangu, hapo tunasema blakikaranti."

Tunasema. Nani anayesema? Mwisho wa shughuli nilimfuata nikamuuliza kwa upole kama amewahi kulila tunda hilo, dogo jeusi la Ulaya, akakiri, kwa uungwana ambao namheshimu nao, kwamba analijua kwa juisi ya chupa na kwa pipi. Basi hali ilikuwa hivi: watu ishirini wazima, wenye pua na ndimi zilizokulia kwenye mizambarau, mikorosho, mipera na mikarafuu, walikuwa wamelipa fedha ili wafundishwe kuikumbuka ladha ya pipi.

Jambo la kuchekesha zaidi, kama ni la kuchekesha, ni kwamba hata Wamarekani wengi hawakukua na tunda hilo. Serikali yao ilipiga marufuku kilimo chake mwanzoni mwa karne ya 20, kwa sababu mmea huo hubeba ugonjwa unaoua misonobari, na marufuku ya taifa iliondolewa mwaka 1966 tu. Hata hivyo ni huko huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, ambako mwanasayansi Ann Noble alichapisha mwaka 1984 msingi wa lile gurudumu la harufu za divai, mchoro wa duara unaopanga majina ya harufu, ambalo mwelekezaji wetu alitugawia nakala zake zilizonakshiwa kwa dhahabu. Tulipewa nakala, lakini hatukuambiwa mbinu yake. Noble hakuwataka wanafunzi wakariri maneno. Mbinu yake ilikuwa kuchukua divai isiyo na harufu kubwa, kuigawa katika glasi kadhaa, na kutia katika kila glasi kitu halisi kutoka jikoni, jemu kidogo hapa, punje ya karafuu pale, ili pua ikutane na kitu chenyewe kabla ya kukutana na jina lake. Gurudumu lilikuwa mwaliko wa kwenda sokoni, sisi tukaligeuza kuwa katekisimu.

Tazameni lilivyotokea somo la tanini. Kwa dakika kumi nzima kijana wa watu alihangaika kutueleza kwamba divai nyekundu ina kitu kinachotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, kitu ambacho si uchachu wala si uchungu, bali ni hali fulani ya kukausha kinywa, kana kwamba ulimi umepakwa vumbi, kana kwamba mashavu yanavutwa kwa ndani. Alitumia mikono, alitumia Kiingereza, alitumia mfano wa kitambaa cha mahameli. Nami nilikuwa nimekaa pale nikiwa na neno mdomoni, neno ambalo kila mtoto aliyewahi kung'ata ndizi mbichi analijua: ukakasi. Siku hizi wanasiasa na mawakili wameliteka neno hilo, hata mkataba ukiwa na walakini husemwa una ukakasi, lakini kabla ya mikataba neno hilo lilikuwa la kinywani. Kiswahili kinautenga ukakasi na ukali, ukali na uchachu, na uchachu ukizidi kina ganzi la meno, lile linalompata mtu aliyekula embe bichi bila chumvi. Anayeanza kujifunza divai anahitaji tofauti hizo hizo kuliko kitu kingine chochote, maana mwanzoni mambo yote hayo humjia kwa pamoja na kuitwa "kali". Uchachu hukufanya udondoke mate, ukakasi huyakausha mate hayo hayo. Ukiweza kuvitenga hivyo viwili katika funda moja, umekwisha kupiga hatua ambayo wengi waliokuwa wakitikisa glasi usiku ule hawajaipiga.

Na bibo, wapendwa, lina vyote viwili, na juu yake lina harufu tamu nzito inayokaribia kuoza. Bibi yangu alikuwa akipika uraka. Nasema kupika kwa mazoea tu, kwa sababu uraka haupikwi: mabibo hukamuliwa, maji yake yakaachwa yachachuke yenyewe. Msimu wa korosho ulipofika, bibi alikuwa akionja kwa kata asubuhi na jioni, akilishikilia funda mdomoni huku amefumba macho, kisha akitema pembeni ya mgomba na kutoa hukumu kwamba bado sukari imezidi, au umeanza kusimama, au huu umelala na utanywewa leo kwa leo kwa sababu kesho utakuwa siki. Hakuna aliyempa cheti. Lakini alichokuwa akikifuatilia, sukari inayogeuka kilevi siku baada ya siku ndani ya maji ya tunda, ndicho kitu kile kile anachokifuatilia mwenye ghala la divai kule Bordeaux, Ufaransa, tofauti ikiwa ni pipa, subira na bei.

Najua jibu litakalokuja, kwa hiyo nalitoa mwenyewe, kwa shingo upande. Biashara inahitaji maneno ya pamoja. Mnunuzi aliyeko London hawezi kununua makontena kwa kuambiwa ladha ya bibo, na anayetaka kufanya kazi ya divai hana budi kuyajua maneno ya soko hilo, kama waonja kahawa wa Moshi na waonja chai wa mnada wa Mombasa walivyojifunza maneno ya masoko yao. Nakubali pia kwamba mwelekezaji alitufundisha jambo moja ambalo nitalishukuru daima: divai iliyoharibiwa na kizibo hunuka boksi lililolowa, nawe una haki ya kuirudisha bila kuona haya. Lakini sisi hatukuwa wanunuzi wa makontena. Tulikuwa watu waliotaka kujua kama wanakipenda wanachokunywa.

Tena si fahari ya kijijini inayonisemesha, kwa kuwa kemia yenyewe iko upande wetu. Ile harufu ya pilipili manga inayosifiwa katika divai nyekundu ya Syrah si tamathali ya usemi: mwaka 2008 wanasayansi wa Australia walitangaza kuwa inatokana na kiini kiitwacho rotundoni, na kiini hicho kimo pia ndani ya pilipili manga, hii hii inayolimwa kwenye milima ya Amani kule Muheza. Harufu ya karafuu katika divai iliyokaa ndani ya pipa la mwaloni hutokana na yujenoli, ambayo ndiyo roho ya mafuta ya karafuu za Pemba. Harufu ya pasheni katika divai nyeupe ya Sauvignon Blanc nayo hutokana na viini vyenye salfa ambavyo vimo katika pasheni lenyewe. Mtu aliyelelewa pwani anaingia darasani akiwa na nusu ya masomo kichwani, kisha anaambiwa ayaache mlangoni.

Kama huamini kwamba kazi kubwa inafanywa na pua, bana pua yako uweke ulimini sukari iliyochanganywa na unga wa mdalasini. Utapata utamu peke yake. Achia pua, na mdalasini utaingia kama mgeni aliyekuwa akibisha hodi muda mrefu. Ile picha ya ulimi iliyogawanywa kama ramani ya wilaya, utamu mbele na uchungu nyuma, ambayo nayo tulionyeshwa usiku ule, ilikwisha kukanushwa zamani. Na macho ni waongo kuliko vyote. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walieleza jinsi walivyowapa wanafunzi 54 wa fani ya divai glasi ya divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Kama wao walidanganyika, mimi wa Newala nina udhuru.

Kuhusu joto nitasema kwa ufupi, ingawa lilinikera. Kanuni ya kunywa divai nyekundu katika joto la chumba ilizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya, zenye nyuzi 16 au 18. Chumba changu cha Tabata mwezi huu kina nyuzi 30, na katika joto hilo pua haipati kitu ila spiriti. Iweke kwenye friji nusu saa, na atakayekuguna mpe feni.

Lingine ni kwamba katika chupa sita za jioni ile hapakuwa na hata moja ya Dodoma. Sitajifanya kwamba kila kinachotoka Dodoma ni lulu, maana nimekunywa nyingine zenye sukari ya kutosha kupikia maandazi, na maduka yetu huzianika chupa dirishani kama mitumba hadi zinapikika upya. Lakini ni eneo lililo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mapadre wa Kiitaliano walipanda mizabibu kule Bihawana katika miaka ya 1950, na ambako mzabibu, kwa kuwa hauna majira ya baridi ya kuulaza, huvunwa mara mbili kwa mwaka. Anayejifunza angefaidika sana kuweka Makutupora nyekundu, divai ya huko huko Dodoma, kando ya ile Cabernet ya bei ya kodi ya nyumba, bila kuonyeshwa lebo, kisha aachwe aseme mwenyewe.

Nimeamua kujifunzia nyumbani. Jumamosi iliyopita nilikwenda Kariakoo nikanunua karafuu, pilipili manga, ukwaju, mapasheni na mabibo, nikavipanga mezani katika vikombe vya chai, nikawaalika majirani watatu. Chupa zilikuwa mbili, moja ya Dodoma na moja ya Ufaransa iliyokaa kwenye pipa. Tulinusa vikombe kwanza, kisha glasi, kisha vikombe tena, na nilikataza neno "nzuri" kwa saa nzima ya kwanza. Tulibishana sana. Dada wa ghorofa ya pili alishikilia kwamba ile ya Dodoma ni ukwaju mtupu, nami nikashikilia pera lililoiva kupita kiasi, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake.

Jirani wa tatu ni fundi seremala, na alikuwa amekaa kimya akinusa ile ya Ufaransa kama anayenusa ubao kabla ya kuulipia. Akasema anasikia karafuu, sawa, lakini nyuma yake kuna mbao iliyorandwa, na si mninga wala mvule. Nikamwambia kwamba ni mwaloni wa pipa. Akanusa tena, akaniuliza kama mbao hizo huchomwa moto kabla ya kuundwa pipa, kwa sababu anasikia na moshi kidogo. Ni kweli huchomwa kwa ndani, nami sikuwa nimemwambia. Kisha akauliza bei ya chupa, nikamtajia, akaiweka glasi mezani taratibu sana na kusema kwamba kwa fedha hizo mteja wake angepata stuli mbili, tena za mninga.